Kuchagua Manowari ya Kwanza ya Mfano: Somo la Kuelea, Uzito na Msawazo

Wapo vijana wanaopenda kuunda vyombo vidogo vya majini vinavyoendeshwa kwa redio, na miongoni mwao wapo wanaotamani kuunda manowari ili washindane na wenzao. Swali la kwanza wanalouliza ni hili: nianze na manowari ipi? Mara nyingi jibu hutolewa kwa kutazama picha: ile yenye mizinga mingi na mabomba marefu ndiyo inayochaguliwa. Miezi inapita, fedha zinatumika, na siku ya kushushwa majini chombo kinalala ubavu au kinazama hadi sitahani. Fedha za chombo cha pili huwa hazipo, na kundi la wanafunzi lililoanza kwa ari kubwa husambaratika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo waweza kufanywa kwa hesabu nyepesi kabla ya kukata hata ubao mmoja. Mifano yetu tutaichukua katika historia ya nchi yetu wenyewe, na mahali pa kufanyia majaribio patakuwa Arusha na viunga vya Mlima Meru. Ingawa Arusha iko mbali na bahari, kanuni ya Archimedes hufanya kazi katika ziwa la kreta kama inavyofanya kazi katika bandari ya Dar es Salaam.

MASHINDANO YENYEWE

Mchezo wa kupambanisha manowari za mfano ulianza Texas, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyombo huundwa kwa skeli ya 1:144, yaani kila mita 144 za manowari halisi huwa mita 1 ya mfano. Ubavu hufunikwa kwa ubao mwembamba sana wa balsa, na mizinga midogo inayosukumwa kwa gesi hurusha gololi za chuma. Gololi hutoboa ubavu, maji huingia, na pampu ndogo iliyomo ndani hujitahidi kuyatoa. Chombo kinachozidiwa huzama, kisha huopolewa, huzibwa na kurudishwa mchezoni.

Hapa kwetu hatupendekezi mizinga ya gesi. Gololi yaweza kumpofua mtu, na chombo chochote kinachorusha risasi kina mambo yake ya kisheria ambayo ni lazima yaulizwe kwanza polisi. Badala yake tunapendekeza shindano la tundu. Mwamuzi hutoboa katika ubavu wa kila chombo tundu la milimita 6, sentimita 2 chini ya mstari wa maji, na kulizuia kwa kizibo chenye uzi. Kipenga kikilia, vizibo huvutwa, na kila chombo sharti kizunguke maboya matatu na kurudi kikiwa bado kinaelea. Kwa njia hii elimu yote ya mapambano inabaki, na hatari ya gololi inaondoka.

VYOMBO VINNE VYA HISTORIA YETU

Vita Kuu ya Kwanza ilileta katika maji ya Afrika Mashariki vyombo vya aina mbalimbali. Tutavitazama vinne.

Cha kwanza ni Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyofika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2, na kina cha kuzama cha mita 5.3. Ilibeba mizinga 10 ya milimita 105, na mwendo wake ulifikia kilomita 44 kwa saa. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji.

Cha pili ni Severn. Hii, pamoja na mwenzake Mersey, ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, kisha ikanunuliwa na Uingereza mwaka 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 81.3 na upana wa mita 14.9, lakini ilizama mita 1.7 tu. Kwa sababu hiyo iliweza kupenya katika mikono ya Rufiji ambamo manowari kubwa zisingethubutu kuingia. Severn na Mersey ziliishambulia Königsberg tarehe 6 Julai na tena tarehe 11 Julai 1915, zikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Siku hiyo ya pili Königsberg ilifika mwisho wake. Mizinga yake iliopolewa na kutumika vitani nchi kavu. Mmojawapo umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa.

Cha tatu ni Goetzen. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kupelekwa Kigoma ambako iliungwa upya na kushushwa ziwani mwezi Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 71.4, upana wa mita 10.1, uzito wa tani 1,575, na kina cha kuzama cha takriban mita 3. Haikuzaliwa manowari, bali ilivikwa silaha, ukiwamo mzinga mmoja wa Königsberg. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Cha nne ni Mimi, mashua ya injini yenye urefu wa mita 12 hivi. Waingereza waliisafirisha yeye na mwenzake Toutou kutoka Cape Town kwa reli, kwa barabara na kwa mto hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Katika vita vyenyewe, vyombo vidogo na vyenye kina kifupi vilivishinda vilivyo vikubwa. Je, mwanafunzi afuate funzo hilo na kuanza na Mimi au Severn? Hesabu itatujibu.

SHERIA YA MCHEMRABA

Chukua mchemraba wa udongo wenye upande wa sentimita 10. Tengeneza mwingine wenye upande wa sentimita 5. Urefu umekuwa nusu, lakini ukiipima mizani utaona kwamba uzito umekuwa thumuni, kwa kuwa nusu mara nusu mara nusu ni moja ya nane. Ndivyo ilivyo kwa meli. Ukipunguza urefu mara 144, uzito unapungua mara 144 × 144 × 144, yaani mara 2,985,984, karibu milioni tatu.

Tukumbuke pia kwamba meli ya baharini huelea katika maji ya chumvi, ambayo ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi kuliko maji baridi. Mfano ukielea kwenye bwawa la maji baridi na kufika mstari uleule wa maji, uzito wake utakuwa pungufu kidogo. Goetzen haihitaji sahihisho hilo kwa sababu iliundwa kwa ajili ya ziwa la maji baridi.

Basi tupige hesabu kwa skeli ya 1:144:

Königsberg (tani 3,814 ikiwa na shehena kamili): urefu sm 80, upana sm 9.2, kina sm 3.7, uzito kg 1.25.
Severn (tani 1,300 hivi): urefu sm 56.5, upana sm 10.3, kina sm 1.2, uzito gramu 425.
Goetzen: urefu sm 49.6, upana sm 7, kina sm 2.1, uzito gramu 527.
Mimi: urefu sm 8.5, na uzito usiofika gramu 2.

Jibu kuhusu Mimi limepatikana mara moja: hakuna betri wala mota itakayoingia humo. Severn nayo, shujaa wa Rufiji, ina gramu 425 tu kwa kila kitu: ganda, sitaha, mota, betri, kipokezi cha redio, usukani na pampu. Betri ya risasi ya volti 6, ile inayotumika katika taa za dharura, peke yake ina uzito wa gramu 700 na zaidi. Chombo kitakuwa chini ya maji kabla ya kuwekewa mota.

Königsberg inawezekana, ila kwa taabu. Tuchukue betri nyepesi gramu 200, mota mbili na mihimili yake gramu 200, pampu na mipira gramu 150, kipokezi na mtambo wa usukani gramu 100. Jumla ni gramu 650. Zinabaki gramu 600 hivi kwa ganda, sitaha, milingoti, mabomba matatu na mizinga yote. Fundi mzoefu atafanikiwa. Mwanafunzi anayepaka gundi na rangi kwa wingi hatafanikiwa.

Huko Marekani, mwenye kutaka wepesi ndani ya skeli hii ya 1:144 hutafuta manowari nzito. Kwa mfano, Von der Tann ya Ujerumani, yenye urefu wa mita 171.7 na uzito wa zaidi ya tani 19,000, hutoa mfano wa sentimita 119 wenye uzito wa zaidi ya kilo 6. Humo betri na pampu huingia bila shida. Lakini sisi hatufungwi na skeli hiyo. Tunaweza kuchagua nyingine.

TUKIKUZA SKELI

Tuchukue skeli ya 1:72. Vipimo vinakuwa mara mbili, na uzito mara nane.

Königsberg: urefu sm 160, upana sm 18.3, kina sm 7.4, uzito karibu kg 10.
Severn: urefu sm 113, upana sm 20.7, kina sm 2.4, uzito kg 3.4.
Goetzen: urefu sm 99, upana sm 14, kina sm 4.2, uzito kg 4.2.

Sasa Königsberg imekuwa kubwa mno kubebwa katika daladala, na kilo 10 zilizolowa si rahisi kuzivuta kutoka majini. Severn ina nafasi ya kutosha, lakini tazama kina chake: sentimita 2.4. Pangaboi lake sharti liwe dogo kuliko hapo, la sivyo litavuta hewa na kuzunguka bure. Vilevile tundu la mwamuzi lililo sentimita 2 chini ya maji litakuwa karibu na sakafu ya chombo. Goetzen ina urefu wa mita moja, inabebeka kwapani, na pangaboi la sentimita 3 au zaidi kidogo linazama sawasawa.

MSAWAZO

Chombo kinaweza kuwa na uzito sahihi na bado kikapinduka. Nguvu ya kuelea husukuma juu kupitia kitovu cha umbo lililo chini ya maji. Uzito huvuta chini kupitia kitovu cha uzito. Chombo kinapoinama, kitovu cha kuelea huhamia upande ulioinama na kukirudisha chombo wima, mradi kitovu cha uzito hakiko juu mno.

Kiasi gani ni juu mno? Kwa chombo chenye umbo la sanduku kuna kanuni fupi. Zidisha upana kwa upana, kisha gawanya kwa mara 12 ya kina cha kuzama. Jumlisha nusu ya kina. Jibu ni kimo, kuanzia chini ya mkuku, ambacho kitovu cha uzito hakitakiwi kukifikia.

Kwa Goetzen ya 1:72: 14 × 14 ni 196. Kina ni 4.2, na 12 × 4.2 ni 50.4. Ukigawanya unapata sm 3.9, jumlisha sm 2.1, jibu ni sm 6. Kwa Königsberg ya 1:144 jibu ni sm 3.8 tu. Kwa Severn ya 1:72 jibu ni zaidi ya sm 16. Kwa msawazo pekee, Severn inashinda kwa mbali. Meli halisi imechongoka omo na tezi, si sanduku, hivyo ichukulie hesabu hii kuwa makadirio na uache nafasi ya kutosha: kwa Goetzen, hakikisha kitovu cha uzito hakipandi juu ya sm 4 au 4.5.

Maji yaliyoingia ndani huleta hatari nyingine. Beba sinia lenye maji kidogo, uliinamishe kidogo: maji yote hukimbilia upande mmoja na kuzidisha kuinama. Ndivyo inavyotokea katika ngama ya chombo. Ndiyo sababu maji machache yanayotembea huru huweza kukipindua chombo ambacho mzigo mzito uliofungwa imara usingekipindua.

Haya si mambo ya mchezo tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Iliendelea kuelea kifudifudi kwa muda kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa walionaswa, hewa ikatoka na meli ikazama. Kijana aliyewahi kupima kitovu cha uzito cha mfano wake, na aliyeona kwa macho yake jinsi hewa inavyokishikilia chombo kilichopinduka, ataielewa meli atakayopanda kesho, na huenda akawa mkaguzi au mhandisi wake.

MAJI YANAYOINGIA

Sasa turudi kwenye tundu la milimita 6. Maji yaliyo sentimita 2 chini ya uso huingia kwa mwendo wa karibu sentimita 63 kwa sekunde. Eneo la tundu ni sentimita mraba 0.28. Kwa kuwa mkondo hujibana unapopita tunduni, tunachukua sehemu sita tu katika kumi. Jibu ni mililita 10 hadi 11 kila sekunde, yaani karibu gramu 640 kila dakika.

Kwa Königsberg ya kg 1.25, dakika moja bila pampu inaongeza nusu ya uzito wa chombo, na chombo kinashuka zaidi ya sentimita moja. Kwa Goetzen ya kg 4.2, maji hayohayo ni asilimia 15 ya uzito, na chombo kinashuka milimita 6 hivi. Mwanafunzi wa Goetzen anao muda wa kufikiri. Wa Königsberg hana.

Pampu inayotoa lita 100 kwa saa hutoa mililita 28 kwa sekunde, hivyo inatosha hata ikipoteza nusu ya nguvu yake kwa kupandisha maji. Iweke mahali palipo chini kabisa ngamani, na uifunike kwa wavu ili takataka zisiizibe.

UAMUZI

Kwa hoja hizi tunapendekeza Goetzen ya skeli ya 1:72 iwe manowari ya kwanza. Si yenye mizinga mingi, na haina mwendo mkubwa. Lakini ubavu wake ni rahisi kuunda, ina pangaboi mbili zinazosaidia kugeuza, na hesabu ya uzito inaacha akiba: ganda gramu 1,300, sitaha na vyumba gramu 450, mota na mihimili gramu 300, betri ya risasi gramu 750, redio na usukani gramu 100, pampu gramu 150. Jumla ni gramu 3,050. Inabaki zaidi ya kilo moja, ambayo utaiweka kama farumi ya risasi juu ya mkuku kabisa. Akiba hiyo ndiyo msamaha wa anayeanza: akikosea kwa gramu 300 katika ganda, atapunguza gramu 300 za farumi.

Aliyekwisha kuunda Goetzen na kuielewa, aendelee na Severn kwa skeli ileile, kisha Königsberg.

KUUNDA NA KUJARIBU ARUSHA

Balsa haipatikani kwa urahisi, wala haihitajiki kwa shindano la tundu. Mkuku na mataruma yakatwe katika plaiwudi ya milimita 3 au 4. Ubavu ufunikwe kwa vipande vyembamba vya msonobari au mgrevelia, miti inayopandwa kwa wingi katika miteremko ya Meru, kisha upakwe vanishi ndani na nje. Pima uzito kila baada ya hatua na uandike daftarini. Mihimili na vishikio vya mota vyaweza kuchongwa na fundi wa mashine ya kukerezea. Kifaa cha redio kiwe cha aina inayoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Jaribio la kwanza lifanyike katika beseni kubwa au tangi la kunyweshea mifugo. Bonyeza ubavu kwa kidole hadi sitaha iguse maji, kisha achia. Chombo kikirudi haraka, msawazo ni mzuri. Kikirudi kwa uvivu, shusha uzito. Kisha fungua tundu na upime kwa saa muda wa kuzama, pampu ikiwa imezimwa.

Jaribio la pili lifanyike katika bwawa la samaki, kwa idhini ya mwenyewe. Ziwa Duluti karibu na Tengeru ni zuri, nalo ni ziwa la kreta lililozungukwa na miti. Lakini liko ndani ya hifadhi ya msitu, hivyo ruhusa iombwe kwanza. Maziwa ya Momella yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na si mahali pa michezo hii.

Kingo za maziwa ya kreta huporomoka ghafla kuelekea kinani. Basi mtoto asiingie majini kufuata chombo kilichozama. Funga boya dogo la gome au plastiki kwa uzi mrefu ndani ya chombo. Chombo kikizama, boya litapanda na kuonyesha mahali kilipo, na utakivuta kwa ndoana ukiwa ukingoni. Betri isiachwe ziwani kamwe, kwa kuwa risasi na asidi ni sumu kwa samaki na kwa watu wanaochota maji.

MAZOEZI

1. Königsberg ilikwenda kilomita 44 kwa saa. Ili mawimbi ya mfano yafanane na ya meli halisi, mwendo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli. Kwa 1:144 kipeuo hicho ni 12. Tafuta mwendo wa mfano. (Jibu: kilomita 3.7 kwa saa, yaani pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea.)

2. Tafuta uzito wa Goetzen kwa skeli ya 1:100. Je, betri ya risasi ya gramu 750 itafaa? (Jibu: kg 1.575, betri ingechukua karibu nusu ya uzito wote, hivyo haifai.)

3. Pegasus ilikuwa na urefu wa mita 95.6, upana wa mita 11.1 na kina cha mita 4.9. Kwa skeli ya 1:72, tafuta kimo ambacho kitovu cha uzito hakitakiwi kukifikia, kisha ulinganishe na cha Goetzen. (Jibu: karibu sm 6.3. Ni zaidi kidogo ya Goetzen, lakini Pegasus inazama sm 6.8, na hivyo kitovu chake cha uzito sharti kiwe chini ya mstari wa maji.)

Mwanafunzi atakayeyafanya mazoezi haya kwa kalamu na karatasi atakuwa ameokoa mbao, fedha na miezi ya kazi. Chombo kimoja kilichochaguliwa vema na kuelea kitalifaa darasa zima kwa miaka mingi.